Na Baada ya Supu?

Nakhungu alikuwa na tabia ya kucheka kabla kichekesho hakijaisha, na kwa sababu hiyo watu wengi walijiona wachekeshaji hodari walipokuwa karibu naye. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye sauti nzito ya kuimba na mikono isiyojua kukaa bure. Aliishi Mamboleo, nyuma ya maduka, katika nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la nje lililoezekwa mabati. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amempikia Mama Falguni Laxmidas kule Milimani, na kwa miaka hiyo yote kwaya nzima ya kanisa lake iliamini kwamba hakuna mtu Kisumu anayemshinda kwa biriani ya kuku.

Ukweli, na tuuseme mapema, ni kwamba Nakhungu hakuwahi kupika biriani ya kuku hata siku moja. Nyumba ile haikula nyama. Kuku hakuwahi kuvuka lango lile, awe mzima au amekaangwa, na hata yai lilitazamwa kwa jicho baya. Lakini watu walipomuuliza, "Mama, huko kwa Wahindi mnapikanga nini?" yeye alitabasamu na kujibu, "Aa, vitu mingi." Nafasi iliyobaki waliijaza wenyewe, wakaijaza biriani, naye akawaacha. Nani angekataa sifa inayokuja na miguu yake?

Kwaya hiyo ilikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi alasiri walifanya mazoezi nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu, na mwenye nyumba aliwapa wenzake kitu cha kutia mdomoni. Hapo zamani kitu hicho kilikuwa chai na mandazi, na hakuna aliyelalamika. Kisha Mama Maryanne akaongeza chapati, kwa upendo tu. Bwana Wesonga, mwimbaji wa sauti ya chini kabisa, mwanamume mnene na mpole aliyependa chakula kuliko nota, akajibu kwa samaki. Ndipo zamu ikamfikia Lornah, mwenyekiti wa kwaya. Lornah alichinja majogoo wawili, akasonga ugali wa wimbi, akapanga soda juu ya meza, akapiga picha ya meza hiyo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya na maneno "Mungu ni mwema." Picha nne. Ya nne ilikuwa ya paja moja peke yake.

Baada ya picha hizo, nani angethubutu kurudi kwenye mandazi?

Wiki iliyofuata Kageha hakuja mazoezini. Kageha ndiye aliyeimba sauti ya juu, na bila yeye nyimbo zote zilikuwa zinapanda hadi nusu ya njia kisha zinakaa chini kupumzika. Alikuwa rafiki wa Nakhungu kwa miaka ishirini. Walisimama bega kwa bega kanisani, wakasoma kitabu kimoja cha nyimbo ingawa kila mmoja alikuwa na chake, na walipokosea walikosea pamoja. Kageha aliandika kwenye kundi kwamba koo imefunga. Wiki ya pili koo bado imefunga. Wiki ya tatu Mwalimu Cliff, kijana aliyewafundisha nyimbo, akaanza kuuliza kwa upole kama kuna mama mwingine anayeweza kujaribu mistari ya Kageha.

Kwa hiyo siku ya Jumanne Nakhungu alichukua tangawizi na chupa ya asali, akaenda Manyatta kumwona mgonjwa. Alipokaribia nyumba ya Kageha ya mabati ya buluu, alisikia wimbo. Mtu alikuwa anafua nguo uani na kuimba kwa sauti iliyopanda, ikapanda tena, ikafika pale juu kabisa ambapo kwaya haikuwa imefika kwa wiki tatu, na ikakaa huko ikijifurahisha. Koo lile halikuwa limefunga. Koo lile lilikuwa wazi kama lango la soko.

Nakhungu alisimama kwenye kichochoro na asali yake mkononi. Kwanza alikasirika, hata akainua mkono abishe mlango kwa nguvu. Kisha akakumbuka orodha ya zamu. Alhamisi hii ilikuwa kwake yeye. Alhamisi inayofuata ilikuwa kwa Kageha.

Kageha, aliyeuza mboga kwenye njia panda ya Mamboleo na kulea wajukuu watatu katika chumba kimoja. Angetoa wapi majogoo wawili? Hata jogoo mmoja mwenye homa angemtoa wapi? Nakhungu aliteremsha mkono wake. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa imemgeukia Lornah na picha zake nne, halafu ikamgeukia yeye mwenyewe, maana alikumbuka vizuri kwamba siku ile alikula paja, akala mgongo, na akaomba mchuzi uongezwe. Hakubisha. Alirudi nyumbani na asali yake akiwa amekata shauri. Angepika kitu rahisi kiasi kwamba mtu yeyote mwenye sufuria na moto angeweza kukipika wiki inayofuata bila kujificha. Kama angeshindwa, angempoteza Kageha, na kuimba bila Kageha pembeni yake ilikuwa sawa na kuimba peke yake.

Akakumbuka supu ya Jumatatu.

Mama Falguni alikuwa akifunga kila Jumatatu, na jioni alikunywa bakuli moja la supu ya mboga, basi. Miaka ya kwanza Nakhungu aliidharau, akaiita chakula cha wagonjwa. Mwaka wa tatu, siku moja ya mvua, alionja kijiko kimoja kwa siri. Baada ya hapo Jumatatu zote alipika sufuria kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi asubuhi alienda moja kwa moja kwenye kibanda cha Kageha.

"Habari ya koo, dada?" aliuliza, uso wake mnyofu kabisa.

"Woi, bado," Kageha alinong'ona, akishika shingo. "Hata kuongea nashindwa."

"Pole sana, aki. Nipatie karoti. Hizo zimepinda-pinda ziko sawa. Viazi. Kipande cha boga. Nyanya hizo laini-laini, usinipee za kuonyesha wageni."

Kageha alikuwa anazipanga kwenye mfuko kwa huzuni ya mgonjwa, mpaka tuktuk moja ilipokata kona vibaya na kukaribia kukanyaga ndoo yake ya nyanya. "WEWE! UNAENDESHA NA MACHO AMA NA MATAKO?" Sauti ilivuka barabara, ikaenda ikarudi. Mwendesha bodaboda upande wa pili aligeuka. Kageha alimtazama Nakhungu, akashika shingo tena, akanong'ona, "Na kabichi je?"

"Na kabichi," alisema Nakhungu, akijing'ata mdomo asicheke. Kwa mara ya kwanza maishani alifaulu.

"Sasa nyama unatoa wapi?"

"Wewe usijali nyama. Niongezee dhania."

Alilipia vyote. Lakini fungu la dhania aliliacha pale juu ya meza, kwa makusudi, akaondoka haraka. Alimjua rafiki yake. Kageha angeweza kudanganya kuhusu koo wiki tatu mfululizo, lakini kulala na dhania ya mtu aliyekwisha kulipa, hapana, hilo halingewezekana.

Nyumbani alijifunga kanga na kuanza. Aliosha karoti, akazimenya, na maganda hakuyatupa. Aliyatia kwenye maji pamoja na majani ya nje ya kabichi na vichwa vya vitunguu, akayachemsha, akayachuja, na maji yakatoka ya rangi ya dhahabu. Mama Falguni ndiye aliyemfundisha hivyo. Kisha akatoa njegere kavu zilizokuwa zimekaa kwenye kopo mpaka zikawa changarawe. Hizo nazo akazipika kwa njia ya mama yake mzazi, kwa munyu kidogo, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe yanayolainisha hata kisichotaka kulainika. Zikalegea, zikakubali. Akakaanga vitunguu kwa mafuta ya vijiko viwili, polepole, akatupia bizari nzima ikarukaruka na kunukia, tangawizi, nyanya, viazi, boga, karoti, na yale maji ya dhahabu. Kabichi mwishoni, isichoke. Alipofunika sufuria alikuwa anaimba. Harufu ilitoka jikoni, ikapita kwenye ua, ikatoka njiani, na jirani mmoja akauliza kwa juu ya ua kama kuna mtu amepata mchumba.

Saa tisa na nusu wakaanza kufika. Hapo ndipo Nakhungu alipogundua kosa lake, na lilikuwa kubwa. Watu hawa hawakuwa wamekula mchana.

"Mimi hata chai ya asubuhi nimeruka," Bwana Wesonga alisema, akijipapasa tumbo kwa upendo. Kwenye mfuko wa shati alikuwa amebeba kijiti chake cha meno. "Nilisema leo ni leo. Leo ni biriani."

"Wiki mzima naota hiyo rice," alisema Mama Maryanne.

Lornah alikuwa amekuja na simu iliyojaa chaji.

Waliimba saa nzima, vibaya. Sauti ya juu haikuwepo, na ya chini ilikuwa na njaa. Kisha Nakhungu akaingia na sinia la mabakuli yanayofuka mvuke, kumi na manne. Alikuwa amepanga kusema, "Leo ni supu, wapendwa, na baada ya supu hakuna kitu." Alifungua mdomo. Akaona kile kijiti cha meno. Akasema, "Karibuni supu."

Wakapokea kwa furaha, wakanywa. Vijiko vikaanza kwenda mbio.

"Ai, Mama!" alisema Mwalimu Cliff. "Hii ni supu ama ni maombi?"

"Iko tamu, walai," alisema Mama Maryanne. "Yenye imefungua tumbo namna hii, chakula yenyewe itakuwa aje?"

Chakula yenyewe. Nakhungu alikimbilia jikoni.

Mtu wa magharibi mwa Kenya ukimuuliza kama amekula, anafikiria ugali. Anaweza kuwa amemaliza sufuria ya viazi, mahindi mawili ya kuchoma na ndizi tano, na bado atakujibu kwa uso mkavu kwamba hajala, alionja tu. Kwa watu wale kumi na wanne, supu ilikuwa hodi. Wakamaliza hodi ya kwanza, wakasubiri. Chakula hakikuja. Wakaomba hodi ya pili wakati wanasubiri. Ikaja, ikaisha. Nje, kuku wa jirani akapiga kelele kwa mambo yake binafsi.

"Mmesikia?" Bwana Wesonga aliinua kidole. "Ndiyo wanamshika saa hii. Mama amechelewa kidogo, lakini ni sawa. Tuongezewe supu tukingoja."

Nakhungu aliongeza. Sufuria ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Alisimama jikoni akishika mwiko kwa mikono miwili, huku sebuleni watu wakijadili kama kuku wa Kihindi hukatwa vipande vinane au kumi na viwili. Alikuwa anataka kulia. Alikuwa pia anataka kucheka, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinasukumana mlangoni.

"Sst! Nakhungu!"

Kageha alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, kitambaa kimefungwa shingoni kwa ajili ya ushahidi, fungu la dhania mkononi. "Umesahau hii," alinong'ona. "Mimi siingii. Koo."

Kisha akanusa. Akatazama sufuria, akatazama meko mengine. Meko mengine yalikuwa baridi. Akainama, akachungulia chini ya meza.

"Nyama iko wapi?"

"Hakuna."

"Mchele?"

"Hakuna."

"Ugali?"

"Kageha, ni hii supu tu. Mboga yako. Tangu mwanzo ni hii tu."

Sebuleni sauti nzito ya Wesonga ikasema, kwa uvumilivu wa mtakatifu, "Biriani haitakangi haraka. Tuongezewe supu."

"Hiyo ni ya ngapi?" Kageha alinong'ona.

"Yake? Ya nne."

Kageha alijaribu. Alijifunika mdomo kwa dhania. Mabega yakaanza kutikisika, macho yakatoa machozi, majani ya dhania yakamwingia puani, na ndipo kicheko kikamtoka. Hakikuwa kicheko cha mgonjwa. Kilianzia katikati, kikapanda, kikapita mabati, kikafika kwenye ile nota ya juu ambayo kwaya ilikuwa imeitafuta wiki tatu. Nakhungu naye akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo.

Sebuleni vijiko vikasimama. Kisha Mwalimu Cliff, kwa sauti ya mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea, "HIYO NI KAGEHA!"

Walijaa wote kwenye mlango wa jikoni, bakuli mikononi. Kageha alisimama na dhania usoni, kitambaa kimelegea, na furaha ikaanza kumkauka machoni. Nakhungu aliona aibu inavyompanda rafiki yake, na hakuweza kuvumilia.

"Ni supu!" alisema, akiruka kutoka kwenye ndoo. "Nilimpatia kikombe moja, koo ikafunguka hapo hapo!"

Bwana Wesonga alilitazama bakuli lake kwa heshima mpya. "Kumbe ndiyo maana," alisema. "Mimi nimejisikia kitu ikifunguka tangu ya pili."

Lakini Kageha alitikisa kichwa. "Hapana," alisema, bila kunong'ona. "Mimi sikuwa mgonjwa. Niliogopa zamu. Mkikuja kwangu nitawapatia nini, baada ya jogoo mbili na picha?"

Basi Nakhungu akavuta pumzi, na maneno yaliyokuwa yamemkwama tangu alipoingia na sinia yakatoka yote kwa pamoja, na mengine ambayo hayakuwa kwenye mpango. "Na mimi sijawahi kupika biriani. Kule hawakulangi nyama. Miaka ishirini na sita, hata mfupa sijaona. Nyama hakuna, ugali hakuna, yule kuku wa nje ni wa jirani, na hata yeye hanijui."

Bwana Wesonga alitoa kijiti chake cha meno mfukoni, akakitazama kwa muda mrefu, akakirudisha taratibu.

Aliyeanza kucheka alikuwa Lornah. Mwenyekiti, na simu yake iliyojaa chaji! Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Wale jogoo," alisema, "walikuwa wa mama mkwe wangu. Alikuwa ameenda matanga Bondo. Aliporudi nikamwambia ni mwewe."

"Mwewe amebeba jogoo mbili?" aliuliza Mama Maryanne.

"Nilisema walikuwa mwewe wawili!"

Hapo nyumba ikavunjika. Watu walicheka wakiegemeana, supu ikimwagika, na mtu mmoja akaomba wanyamaze kwa sababu anaumwa mbavu, na hawakunyamaza. Kageha alikatakata dhania kwa mikono, akaitupa kwenye sufuria, akajipakulia bakuli, akanywa akiwa wima. "Kumbe ni karoti zangu zile zimepinda," alisema. "Hii mimi naweza."

Waliimba tena jioni hiyo, na sauti ya juu ilipanda bila kusimama njiani. Sufuria ilipofika chini hakukuwa na supu iliyobaki kwa mpishi. Nakhungu alipangusa pembeni kwa kidole na akaona imetosha.

Alhamisi iliyofuata, watu kumi na watano walipita Manyatta kwa mstari, kila mmoja na bakuli lake na kijiko, kwa sababu Kageha alikuwa ameandika kwenye kundi kwamba yeye ana bakuli nne tu. Watu walitoka milangoni kutazama. Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo kando ya Mama Maryanne.

"Yawa, Mathe, wanapeana chakula ya msaada wapi?"

"Kwa Kageha!" alijibu Bwana Wesonga, akipiga bakuli lake kwa kijiko. Siku hiyo alikuwa amekula mchana, ugali na omena, kwa usalama.

Kageha alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake ya mabati ya buluu, amevaa gauni lake la Pasaka, wajukuu watatu wamepakwa mafuta wakang'aa. Nyuma yake ilitoka harufu ya bizari na tangawizi. Alimtafuta Nakhungu kwa macho kwenye ule mstari, akamwona, akainua kidevu. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya juu, mtaa mzima ukasikia:

"Karibuni sana! Leo kuna supu, na baada ya supu hakuna kitu!"

Na kwaya yote ikapiga vigelegele pale pale kichochoroni, Nakhungu akiwa wa kwanza.